Vita vikizuka ugenini, Mtanzania hurudishwaje nyumbani?

Bint Makorora aliuliza:

Assalamu alaykum ndugu zangu. Mtoto wa kaka yangu amepata nafasi ya kusomea udaktari katika nchi moja ya Kiarabu ambayo kwa sasa imetulia, ingawa majirani zake hawaelewani. Barua ya chuo imeshafika na viza inashughulikiwa, lakini nyumba yetu hapa Tanga imegawanyika. Baba yake anataka aende, ilhali mama yangu, ambaye ndiye bibi yake, ameapa kwamba mjukuu wake hapandi ndege mpaka aelezwe ni nani atakayekwenda kumchukua siku risasi zitakapoanza kurindima huko. Mimi ndiye niliyeagizwa kuleta jibu. Barazani nimesikia mengi, na hayakubaliani: huyu anasema serikali hutuma ndege siku hiyo hiyo, yule anasema siku hiyo ni kila mtu na lwake. Naomba mwenye kujua anieleze mambo haya yanavyokwenda hasa, nauli inalipwa na nani, na inakuwaje ikiwa hatuna ubalozi katika nchi hiyo.

Mwana wa Pongwe alijibu:

Wa alaykumu s-salaam dada yangu. Nilikuwa mwanafunzi Khartoum, mji mkuu wa Sudan, mapigano yalipoanza, Jumamosi ya tarehe 15 Aprili 2023, kwa hiyo nitakueleza niliyoyapitia, mengine nawaachia wakubwa.

Ndege haikuja siku hiyo wala isingeweza kuja. Uwanja wa ndege wa Khartoum uko katikati ya jiji, na ulikuwa miongoni mwa sehemu za mwanzo kugombaniwa na jeshi na kikosi cha wanamgambo kiitwacho RSF, hata ndege za abiria ziliungua zikiwa zimeegeshwa. Anga ikafungwa. Siku zile za mwanzo kilichotuweka hai ni magodoro tuliyoyasimamisha madirishani na maji tuliyoyachota usiku, na kilichotutoa ni daftari. Kiongozi wa jumuiya yetu ya wanafunzi alikuwa na daftari la kawaida la mistari ambamo ameandika jina la kila Mtanzania, namba ya pasipoti, mahali anapolala na simu ya mzazi. Ubalozi ulipopiga simu kutaka kujua tuko wangapi na tuko wapi, jibu lilikuwepo tayari. Waliopanga vyumba mitaani bila kuaga mtu ndio walioleta kazi, kwa sababu mtandao ulikuwa ukikatika na hakuna aliyethubutu kuvuka mitaa miwili kwenda kugonga mlango wa mtu.

Tulitoka kwa mabasi. Tulipita Gedaref hadi mpaka wa Ethiopia, na huko ndiko njia ya ndege ilikopatikana. Ndege ya Air Tanzania ikatufikisha Dar es Salaam tarehe 27 Aprili, watu zaidi ya 200, wengi wetu wanafunzi. Njiani kulikuwa na vizuizi, na katika kila kizuizi dereva alishuka na karatasi yenye majina yetu. Ugumu mwingine ulikuwa wa pasipoti. Wenzetu kadhaa walikuwa wamezikabidhi ofisini chuoni ili iqama zao, yaani vibali vya ukaazi, zihuishwe, na ofisi ikafungwa zikiwa ndani ya kabati. Hao waliondoka kwa barua na hati za dharura, na mpakani walisubirishwa kuliko sisi.

Mzee wa Raskazone alijibu:

Mwanangu wa Pongwe amesema kweli, nami nitaongeza yale niliyoyajua katika utumishi wangu wa nje kabla sijastaafu.

Bint Makorora, tofautisha mambo mawili ambayo redio huyachanganya. Kuna kuwaondoa watumishi wa ubalozi na kuna kuwaondoa raia, na mara nyingi hayafanyiki kwa pamoja, hata kwa mataifa yenye nguvu. Khartoum hiyo hiyo, Marekani iliwachukua wanadiplomasia wake kwa helikopta usiku wa kuamkia tarehe 23 Aprili, huku raia wake wa kawaida wakiambiwa wajifiche majumbani. Misafara ya mabasi ya kuwapeleka Port Sudan ilikuja siku kadhaa baadaye. Uingereza nayo ilitanguliza wanadiplomasia, kisha ikaanza kuwasafirisha raia kutoka uwanja wa kijeshi wa Wadi Seidna, kaskazini mwa jiji, na awali ikawataka wafike hapo kwa njia zao wenyewe. Wapo waliokuwa na lugha kali kwa serikali yetu wakati ule. Mimi nasema aliyekaa kwenye kiti hapa Tanga haoni kwamba sehemu ngumu ni ile ya kutoka mlangoni kwako hadi ilipo ndege. Rubani huwezi kukosa kumpata. Kinachokawia ni ruhusa ya anga, kibali cha nchi jirani kuwapokea watu wasio na viza, na ahadi ya pande zinazopigana kwamba basi halitapigwa. Ukraine mwaka 2022 ilikuwa vivyo hivyo: wanafunzi wa kigeni waliokwama mjini Sumy, Wahindi wengi na Waafrika, walitoka tarehe 8 Machi baada ya kukubaliwa njia salama, na jaribio la siku iliyotangulia lilikuwa limevunjika.

Kuhusu ubalozi, Mkataba wa Vienna wa mwaka 1963 unaohusu mahusiano ya kikonseli unaitambua kazi ya kuwalinda raia na kuwapa hati za kusafiria. Pale ambapo nchi haina ofisi, ubalozi ulio katika nchi nyingine hupewa eneo hilo pia, au serikali rafiki huombwa iwasaidie watu wetu. Hili la pili lipo, si maneno ya vitabuni tu. Yemen mwaka 2015, India iliwatoa raia wake zaidi ya 4,000 kwa meli na ndege, na pamoja nao ikawabeba mamia ya watu wa nchi nyingine. Mwaka 2023 Saudi Arabia nayo iliwavusha watu wa mataifa mengi kwa meli kutoka Port Sudan hadi Jeddah.

Nauli haina jibu moja. Marekani, kwa sheria yake, humtaka raia anayesafirishwa atie sahihi kwamba ataidai serikali isiidai, yaani atarejesha gharama baadaye. Nchi nyingine hubeba gharama yote. Lakini nauli ya kufika mahali pa kukusanyikia mara nyingi hutoka mfukoni mwa mtu mwenyewe, na huko Sudan nauli za mabasi ya kwenda mpaka wa Misri zilipanda hadi mamia ya dola kwa kichwa kimoja. Kijana awe na akiba ya fedha taslimu, kwa sababu benki nazo hufungwa.

Mwana wa Pongwe alijibu:

Samahani mzee wangu, nadhani hapo kwenye nauli ya Marekani umekusudia kusema atie sahihi kwamba analikubali deni.

Mzee wa Raskazone alijibu:

Ndivyo, kidole kimeteleza. Ahsante mwanangu.

Fundi wa Chumbageni alijibu:

Shikamoo mzee. Mnazungumza habari za wanafunzi, nao wana jumuiya, wana daftari na wana chuo kinachojulikana. Mimi nawafikiria mabinti wanaokwenda kufanya kazi za ndani. Jengo la chuo kila mtu analijua. Nyumba ya kafili, yaani mwajiri aliyemdhamini binti huko, anaijua nani? Lebanon mwaka 2024, mabomu yalipozidi, wafanyakazi wengi wa ndani kutoka Afrika na Asia waliachwa na waajiri wao waliokimbia, wengine pasipoti zao zikiwa zimebaki mikononi mwa waajiri hao. Hata serikali iliyokuwa na tikiti tayari, kama ya Ufilipino, ililazimika kungoja kibali cha kutoka kwa kila mfanyakazi, kwa sababu ukaazi wake umefungwa kwa mwajiri. Kwa hiyo ndege inaweza kuwa uwanjani na binti asiruhusiwe kuipanda. Sioni kwa nini jambo hili halisemwi waziwazi kabla ya safari, wakati mawakala wanakusanya fedha.

Bint Makorora alijibu:

Nimewaelewa nyote, Mungu awalipe. Mama ameketi hapa pembeni nikimsomea, naye ana swali moja: kijana ajiandikishe wapi, na nani asimamie, ikiwa yeye mwenyewe ni mzembe wa kujibu simu?

Mzee wa Raskazone alijibu:

Mpe salamu zangu. Kijana ajiandikishe katika ubalozi unaoihudumia nchi hiyo, hata kama uko nchi nyingine, na afanye hivyo katika wiki yake ya kwanza, kisha ajiunge na jumuiya ya Watanzania ya huko. Akihama chumba, aarifu. Akitakiwa kuacha pasipoti ofisini, adai risiti na abaki na nakala ya ukurasa wenye picha. Nakala nyingine ikae kwenu Makorora pamoja na anwani yake na namba za wenzake wawili anaoishi nao. Na huo uzembe wa simu, muutatue kabla viza haijatoka, kwa sababu ubalozi wenye mamia ya majina utampigia, asipopokea utahamia kwa jina linalofuata.