Likizo ya Desemba imefutwa na tiketi nimeshakata: naombeni ushauri

Mama Neema (Leicester), 24 Novemba, saa 4:50 usiku

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za huko. Mwezi wa nane niliomba likizo kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi hapa Uingereza, 18 Desemba hadi 3 Januari. Meneja akaikubali kwa maandishi. Nikakata tiketi ya KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, kwa hela niliyoidunduliza tangu Pasaka. Ijumaa naitwa ofisini: rota ya Krismasi haina watu, likizo yako imefutwa.

CoS yangu, ile hati ya udhamini ya mwajiri inayobeba viza yangu, ilitoka baada ya 11 Machi 2024, walezi walipokatazwa kuja na familia, kwa hiyo mnajua sikuruhusiwa kuja na mtoto. Neema ana miaka saba, yuko Marangu kwa mama yangu. Bibi yake kamchorea siku kwenye karatasi ukutani, kila asubuhi anafuta moja. Maswali yangu: wana haki? Nikikataa, watanigusa CoS? Na tiketi hairudishiwi pesa, nani analipa?

Baba Kelvin (Leeds), 25 Novemba, saa 12:35 asubuhi

Pole sana dada. Usikubali. Likizo ikishapitishwa haifutwi, sheria ya hapa iko wazi. Mimi mwaka jana niliwekwa 24, 25 na 26 mfululizo. Tarehe 25 hakuna treni wala basi, nikatembea saa moja na nusu kwa barafu, nafika wazee wanangoja chai na tuko wawili badala ya wanne. Jua likazama kabla ya saa kumi alasiri sijakaa hata mara moja. Na wakikulazimisha, wakulipe mara mbili. Krismasi ni lazima mara mbili.

Da Rehema (Birmingham), 25 Novemba, saa 3:10 asubuhi

Baba Kelvin, kwa heshima, usimpotoshe mwenzetu. Mwajiri anaweza kufuta likizo aliyoikubali, mradi atoe taarifa isiyopungua urefu wa likizo yenyewe. Ya Mama Neema ni siku 17, ameambiwa siku 27 kabla. Inauma, lakini ndivyo ilivyo, labda mkataba wake useme vingine. Mdogo wangu, utoe kabatini uusome leo. Malipo mara mbili nayo ni mambo ya mkataba, hayapo kwenye sheria. Kilichopo ni wiki 5.6 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na saa 11 za kupumzika kati ya shifti na shifti. Hizo siku wasikupotezee, waandikie wakupe tarehe nyingine. Wapigie ACAS, wale wa ushauri wa haki za kazini, ushauri wao ni bure.

Baba Kelvin, 25 Novemba, saa 3:40 asubuhi

Sawa dada Rehema, nimesikia. Lakini kazini kwetu wanalipa mara mbili, sijatunga. Na kuhusu CoS, akigoma atafutwa kazi, halafu ana siku 60 tu kuanzia siku hiyo za kupata mwajiri mwingine wa kumdhamini au kuondoka nchini.

Mzee wa Reading, 25 Novemba, saa 1:20 usiku

Vijana, tuwe na hadhari na tunayoandika, mtu anaweza kufunga sanduku kwa maneno yetu. Siku 60 hazianzi siku unayoachishwa kazi. Fuata tarehe iliyo kwenye barua ya Home Office, wizara inayosimamia viza. Na binti, usije ukapanda ndege bila ruhusa. Ukikosekana zaidi ya siku 10 za kazi mfululizo, sponsa, yaani mwajiri aliyekudhamini, anapaswa kukuripoti kwao. Hapo mambo yameharibika.

Nimekaa nchi hii tangu 1988. Kila Desemba nawaza Wachagga wanavyopanda kwenda nyumbani, mabasi yamejaa, ndafu inachomwa, mzee ambaye hamjaonana mwaka mzima anakukatia kipande kwa mkono wake. Ndiyo maana suala la uraia pacha linanichoma. Wakenya wanao tangu katiba ya 2010. Sisi Watanzania kuchukua pasipoti ya hapa ni kuiacha ya kwetu, kisha unaingia kijijini kwako kama mgeni.

Baba Kelvin, 25 Novemba, saa 2:05 usiku

Mzee, uraia pacha hauzuii simu za Desemba. Kwetu Nakuru wote wanajua nimelipwa tarehe ngapi. Mbuzi, nguo za watoto, halafu Njaanuari na karo. Mwaka huu nimewaambia ndugu zangu mapema kwamba nitalipa karo peke yake. Mama alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na wewe unalala saa ngapi?" Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo tangu nije.

Da Rehema, 25 Novemba, saa 3:30 usiku

Kwetu kazini mimi na dada mmoja wa Bukoba tuna mapatano: nachukua Krismasi yake, yeye anachukua Idi yangu. Mwaka wa tatu sasa. Mama Neema, tafuta mwenzako wa namna hiyo, nenda kwa meneja na jina mkononi. Huenda ukarudishiwa hata wiki moja. Ikishindikana, 27 nina ofu. Njoo ulale kwangu, usikae peke yako chumbani.

Mama Neema, 26 Novemba, saa 2:15 asubuhi

Nimetoka usiku sasa hivi. Bibi wa chumba namba 9 hakulala, alinishika kidole mpaka saa kumi alfajiri akiniita jina la binti yake. Sikumsahihisha. Nikapitia kwa yule mzee wa Kihindi, wa wale waliotoka Uganda 1972, bado anasema "karibu dada, ndizi mbichi zimefika". Nimenunua za mtori. Nimezimenya ndani ya maji kama mama anavyofanya, utomvu usinishike mikono, na hapo ndipo nikalia.

Neema nitamwambia Jumapili. Nitamwomba bibi yake aitoe ile karatasi kwanza. Mkataba nimeusoma, hausemi kitu. Kuna dada wa Kisomali atanichukulia shifti nne, leo naongea na meneja.

Da Rehema, tarehe 27 nikiwa bado nipo, nakuja. Ndizi naleta mimi, wewe tafuta nyama ya mifupa.

Kuhusu tiketi, kuna yeyote anayejua?