Gumzo la Ukoo Wetu: Zawadi na mwaka wa kujitolea Ujerumani

*Jumamosi asubuhi*

Zawadi: Shikamooni wakubwa. Nyanya, shikamoo. Nina jambo naomba niliseme hapa ili wote mlisikie pamoja, mama asichoke kuulizwa na kila mtu. Kabla ya kuanza chuo nataka kwenda kujitolea nje kwa mwaka mmoja. Ujerumani, kwenye nyumba ya kutunzia wazee.

Nyanya: Marahaba mjukuu wangu. Mwaka mzima?

Mama Zawadi: Mwaka mzima, mama. Mimi nimemsikiliza hadi nikamwambia alete kwa ukoo.

Mjomba Kombo: Zawadi, hongera tena kwa matokeo. Lakini wenzako wakiripoti chuo Septemba wewe utakuwa kwa watu. Ukirudi unawakuta mwaka wa pili. Hilo umelifikiria?

Zawadi: Nimelifikiria mjomba. Nimeomba uuguzi, na sijawahi kumwogesha mgonjwa wala kukesha na mtu aliyezidiwa. Afadhali nijue sasa kama moyo wangu unaiweza kazi hii kuliko nije kujua mwaka wa tatu, ada ya baba ikiwa imeshaenda.

Baba Zawadi: Hapo kwa ada umenena.

Mjomba Kombo: Basi kama ni hivyo angalieni hii. Imetumwa kwa kikundi cha ploti yetu.

Mjomba Kombo: [Picha]

Mjomba Kombo: Ni wakala, ana ofisi mjini. Shilingi 185,000, kila kitu ndani. Unaenda na visa ya utalii, ukifika wanakubadilishia. Ila wanataka nusu kufikia Jumatatu kwa M-Pesa, wanasema nafasi zimebaki chache.

Hamisi (Leipzig): Shikamoo mjomba. Ndiyo kwanza natoka zamu ya usiku, nimeona hiyo picha nikakaa chini. Tafadhali asitume hata shilingi.

Hamisi (Leipzig): Sisi Wakenya hatubadilishiwi visa tukiwa ndani. Visa ya utalii ya Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, ni siku 90 katika kila siku 180, basi. Anayekwenda kukaa mwaka anaomba visa ya Ujerumani yenyewe, ya muda mrefu, hapo hapo ubalozini Nairobi kabla hajapanda ndege, akiwa na mkataba uliotiwa sahihi na kituo kitakachompokea. Ada yake ni euro 75. Anayekwambia utabadilisha ukifika anakutuma ukakwame, na siku ya kukamatwa simu yake haipatikani.

Mjomba Kombo: Eti! Na bango lina bendera na mihuri.

Hamisi (Leipzig): Muhuri unachongwa tu River Road, hapo Nairobi, mjomba.

Mama Zawadi: Hamisi, wewe ulipitia hiyo njia kabla ya kuanza mafunzo ya uuguzi. Tueleze pole pole. Nani analipa nini? Mimi nikisikia "kujitolea" nasikia mtoto wangu anafanya kazi bure halafu analala njaa.

Hamisi (Leipzig): Sawa mama mdogo. Kuna FSJ, yaani mwaka wa hiari wa huduma za jamii, sheria yake ni ya tangu 1964. Halafu kuna BFD, huduma ya hiari ya serikali kuu, ilianza 2011. Hii ya pili ina kisa chake. Zamani kijana wa Kijerumani aliyekataa kwenda jeshini kwa sababu ya dhamiri alipelekwa hospitalini au kwa wazee. 2011 wakasimamisha jeshi la lazima, wale vijana nao wakakoma kuja, vituo vikabaki na pengo. Ndipo BFD ikaanzishwa. Kwa hiyo ni mfumo wenye sheria na mkataba, si huruma ya mtu.

Hamisi (Leipzig): Bima ya afya na ya ajali inalipiwa na kituo. Unapewa fedha za matumizi kila mwezi, si mshahara. Chumba na chakula ndipo pa kuuliza sana: vituo vingine vinatoa, vingine vinaongeza pesa kidogo ujitafutie, na chumba mjini ni vita. Ndani ya miezi 12 kuna siku 25 za semina, mnakutana na wenzenu. Tiketi mara nyingi ni yako.

Zawadi: Na ile weltwärts uliyoniambia?

Hamisi (Leipzig): Hiyo ni programu ya kujitolea ya wizara yao ya maendeleo. Ilianza 2008 kwa kuwaleta Wajerumani kwetu tu. Tangu 2013 na sisi tunaweza kuja kwao, umri 18 hadi 28. Ukiipata hiyo, basi tiketi, bima na masomo ya lugha vimo ndani. Lakini huombi peke yako, unapitia shirika la hapo nyumbani lenye mwenzake Ujerumani, na nafasi ni chache kweli. Jaribu hiyo na pia FSJ au BFD.

Baba Zawadi: Kijerumani je? Yeye anajua "guten Tag" ya kwenye simu.

Zawadi: Baba 🙈 nimeshafika somo la kumi.

Hamisi (Leipzig): Simu haitoshi. Aende Goethe-Institut, kituo cha Kijerumani pale Maendeleo House, aanze A1, ngazi ya kwanza ya lugha, mwezi huu. Vituo vya wazee vingi vinataka angalau A2, vingine B1, na vina haki. Mzee akikwambia kifua kinambana na wewe unatabasamu kwa sababu hujaelewa, umemhatarisha.

*Jumamosi mchana*

Nyanya: [Ujumbe wa sauti]

Mama Zawadi: Kwa walio kwa matatu, nawaandikia maneno ya mama. Anasema wakati wa Kenyatta kule Taita shule yao ya harambee ililetewa mwalimu wa hesabu kutoka Marekani, kijana wa Peace Corps, mpango wa Marekani wa kujitolea. Alikaa miaka miwili. Alikuja akijua Kiswahili cha kutosha kununua ndizi, akaondoka akijua Kitaita cha kutosha kutukanana nacho. Alichota maji mtoni kama wao, na mwaka aliokuwepo wasichana wawili wa kwanza walipita hesabu. Mama anauliza, Zawadi atakuwa kama huyo, au kama wale wanaokuja na kamera?

Shangazi Rehema: Mama ameuliza lile swali nililokuwa nalo moyoni tangu asubuhi.

Zawadi: Shangazi shikamoo. Nilikuwa nakungoja wewe.

Shangazi Rehema: Marahaba mwanangu. Kwanza niambie, Kijerumani kikichelewa au visa ikikataliwa, utafanya nini?

Zawadi: Nilikuwa na mpango wa pili. Kuna wanaopeleka watu Nepal kwa wiki sita, kwenye makao ya watoto. Hakuna lugha wanayodai, unalipia wiki, unacheza na watoto na kuwafundisha Kiingereza.

Shangazi Rehema: Huo mpango nakuomba uuache. Nakuandikia kirefu, mnivumilie.

Shangazi Rehema: Mnajua nilivyofanya kazi kwenye makao ya watoto hapa Nairobi, upande wa Eastlands. Wageni walikuja mfululizo, wengi watoto wazuri wa watu, rika lako. Wiki mbili, wiki tatu, mwezi. Walikuja na rangi za kuchorea na mioyo mikunjufu. Kulikuwa na kijana mdogo pale, miaka minne. Kila mgeni kwake alikuwa Mama. Siku ya mgeni kuondoka alikuwa anaamka kabla yetu sote anaficha viatu vya mgeni, kimoja chini ya sinki la jikoni, kingine kwenye pipa la unga. Tulikuwa tunavijua vile vificho. Tunavitoa, tunavipangusa unga, tunampa mgeni, gari linakuja. Yeye halii. Anarudi kukaa kwenye ngazi akimngoja anayefuata. Wageni waliposema "amezoea watu, ana furaha sana," mimi nilikuwa naingia stoo.

Shangazi Rehema: Halafu ujue, kijana huyo alikuwa na nyanya yake mzaa mama, hai, Machakos. Watoto wengi kwenye makao wana jamaa. Kilichokosekana ni karo, chakula, mtu wa kufuatilia. Lakini makao yaliyojaa ndiyo yaliyopata wageni, na wageni ndio walioacha pesa. Mnaona mtego ulipo? Ndiyo maana serikali yetu ilisimamisha usajili wa makao mapya 2017, na mkakati wa 2022 hadi 2032 unataka watoto warudi kwa jamaa zao au kwenye familia za kuwalea. Sisi tunatoka huko. Usiende kulipa ukafanye kwa watoto wa Nepal yale tunayojitahidi kuyakomesha kwa wetu.

Zawadi: Sikujua shangazi. Kile kiatu kwenye pipa la unga kimenikaa. Nepal nimeifuta.

Mjomba Kombo: Rehema, sasa kwa wazee si ni yale yale? Wanazoea mtu, mwaka unaisha anaondoka.

Shangazi Rehema: Si sawa kaka. Mzee ana wauguzi wake wa kudumu, Zawadi ni mkono wa kuongeza. Atakaa mwaka, atasimamiwa, atafundishwa, atakuwa anaijua lugha yao. Na wao ndio waliomwita, kwa mkataba. Mtoto wa miaka minne hana anachoweza kukataa.

Hamisi (Leipzig): Naunga mkono. Zawadi, nikuambie siku ilivyo ili usije na picha ya sinema. Unaingia saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kazi ya kwanza ni soksi. Zile za kubana miguu isivimbe, lazima zivishwe mzee akiwa bado amelala, akishaning'iniza miguu hazipandi tena. Utatoka jasho kwa soksi za watu wanane. Kisha kahawa: mwenye shida ya kumeza anatiliwa unga wa kuifanya nzito, isipite njia ya mapafu. Dawa huzigusi, sindano huzigusi, akikuagiza mtu ukatae. Baada ya chakula ndipo kazi yenyewe, kukaa nao. Nilikuwa na mama mmoja mwenye maradhi ya kusahau, kila alasiri anavaa koti anataka kwenda stesheni. Nilijifunza kutobishana. Tunavaa makoti wote wawili, tunatembea ukumbi mara kadhaa tukizungumza habari za treni, tunarudi, analala.

Nyanya: Watoto wake wako wapi?

Hamisi (Leipzig): Mmoja anakuja kila Jumapili nyanya. Wengine wako mbali, kama mimi.

Hamisi (Leipzig): Na Desemba saa kumi jioni ni giza. Uje na watu wa kuongea nao. Mimi semina zile ndizo zilizoniokoa, na kwaya ya kanisa.

*Jumamosi jioni*

Baba Zawadi: Nimesoma yote. Nilipiga simu chuoni jana. Wanasema aripoti kwanza, ajisajili, ndipo aandike barua ya kuahirisha mwaka. Asiporipoti nafasi inapotea. Hamisi, vituo vinaanza lini?

Hamisi (Leipzig): Wengi Agosti au Septemba, ila kituo kikikutaka kinaweza kukungoja hadi Oktoba. Liandikwe kwenye barua ya maombi tangu mwanzo.

Baba Zawadi: Basi ruhusa yangu ndiyo hii. A1 nitalipa mimi. Pasipoti tunaanza wiki ijayo kwa eCitizen, ule mtandao wa serikali, ya kurasa 34 ni shilingi 7,500. Cheti cha tabia njema ni 1,050, alama za vidole twende pamoja. Tiketi sina, hiyo tuizungumze kwenye chama chetu cha akiba siku ikifika.

Mama Zawadi: Na mimi nataka kuona mkataba wenyewe, umefasiriwa, kabla hajapanda chochote. Chumba kiandikwe. Simu ya msimamizi iandikwe.

Shangazi Rehema: Na kutoka sasa hadi Agosti asikae kitako. Red Cross wako hapo South C, aende wamwandikishe na kumfundisha huduma ya kwanza. Na Jumamosi ijayo aje kwangu, jirani yangu wa chini amepata kiharusi, bintiye hajapumzika tangu Krismasi. Awe anamsaidia kumgeuza na kumwogesha.

Zawadi: Nitakuja shangazi. Jumamosi ijayo hiyo hiyo. Asanteni sana wote, aki nimelia kidogo huku.

Nyanya: Usilie. Jifunze lugha yao.

Mjomba Kombo: Jameni, kuna jingine. Nimerudi kwa kikundi cha ploti kuwaambia kuhusu yule wakala. Mama mmoja wa ghorofa ya tatu ameniandikia pembeni kwamba binti yake alishalipa 60,000 juzi, na pasipoti wamemwachia huyo wakala.

Hamisi (Leipzig): Pasipoti! Mjomba, hiyo ni mali ya serikali ya Kenya, wakala hana ruhusa ya kuishikilia. Waende kesho, wasiende peke yao.

Shangazi Rehema: Watoe nakala ya ujumbe wa M-Pesa na ya hilo bango. Wakikataliwa pasipoti, kutoka hapo moja kwa moja kituo cha polisi waandikiwe namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kisha DCI, idara ya upelelezi. Na wasitume tena pesa hata wakiambiwa ni ya kurudishiwa zile za kwanza.

Baba Zawadi: Kombo, kesho Jumapili ofisi zimefungwa. Mimi nachukua ruhusa Jumatatu asubuhi, nitawasindikiza.

Mjomba Kombo: Sawa shemeji. Hamisi, uko macho? Huyu mama anataka kusikia ile ya visa kutoka kwa mtu aliye huko.

Hamisi (Leipzig): Mpe namba yangu, apige sasa hivi.

Mjomba Kombo: Napanda ngazi, nampelekea simu yangu.