Hadubini za elektroni za kushea: nani ana ratiba inayofanya kazi kweli?

koloni_chafu:
Wakuu habari zenu. Nimekabidhiwa SEM mbili (hadubini za elektroni zinazopitia uso wa sampuli) na TEM moja (elektroni zinapenya sampuli), vikundi kibao vinazitumia na kila mtu anajiona ana haraka kuliko mwenzake. Buking iko kwenye kalenda ya mtandaoni, mtu anajaza wiki nzima halafu haonekani, aliyekosa nafasi anakuja kunilalamikia mimi. Sevisi ndo kabisa, mpaka mashine igome. Nyie mnapangaje? Chanzo cha elektroni kwenye SEM moja ni filamenti ya tungsteni, nyingine ni FEG (elektroni zinavutwa na uga wa umeme), kama inasaidia.

mzee_wa_pampu:
Inasaidia sana, hizo mbili usizipangie sevisi moja. Filamenti ya tungsteni inaishi kama saa 100 hivi, ukiipasha kupita kiasi hata hapo haifiki, so andika saa za boriti (mwali wa elektroni) na spea ikae kabatini, ikikatika aliyefundishwa anabadilisha mambo yanaendelea. FEG kama ni Schottky (aina inayopashwa joto muda wote) ni kinyume chake, haizimwi, inawaka usiku na mchana mwaka na zaidi, kinachoiua ni vakyumu (ombwe la ndani ya mashine) mbovu na umeme kukatika, kwa hiyo macho yako yawe kwenye UPS (betri ya akiba), chila (mashine ya maji ya kupoza) na pampu. Halafu sevisi ingia nayo kwenye kalenda KWANZA, kabla hujawafungulia watu. Mimi nimefunga nusu siku kila wiki, hata profesa haigusi, na pasipo na cha kutengeneza nafundishia wapya.

slotimbili:
Kwenye kuhodhi wiki nzima: kila mtu sloti mbili tu mbele, ukitumia moja ndo unabuku nyingine. Nusu saa ikipita hujatokea, sloti ya yeyote aliyepo. Faini usianze nazo kabisa, kikundi chenye hela kinalipa na kinaendelea kuzembea vilevile.

gridi200:
Mmeisahau TEM 😅 Ule mtego wa baridi wa naitrojeni kimiminika (nyuzi -196 huko) unanasa mvuke na uchafu kutwa nzima, sasa mtu wa mwisho asipoupasha joto huku pampu zinavuta, naitrojeni inaishia usiku, uchafu wote unarudi kwenye koloni (mnara wa hadubini zinamopita elektroni) na asubuhi vakyumu hairidhishi. Sloti ya mwisho wape wazoefu tu.

koloni_chafu:
Kumbe ndo maana asubuhi zangu zilikuwa hivyo. Na wanaoleta sampuli mbichimbichi?

mzee_wa_pampu:
Hao mlangoni tu wanarudi 😂 Sampuli isiyokauka inatoa mvuke humo ndani, unasubiri vakyumu mpaka unachoka, na ikiwa na mafuta au gundi mbichi, boriti ikikaa sehemu moja inaacha mraba mweusi kwenye picha. Ikaushwe kwenye oveni ya vakyumu usiku kucha, na anayeishika avae glovu. Kwenye logi kila mtu aandike vakyumu akianza na akimaliza, ikiharibika unajua ilianzia kwa nani bila kugombana. Safu hiyo ifanye ya lazima, ukiiacha hiari hawajazi.