Fundi kapaka GRISI kwenye breki shuu za pikipiki yangu, XL, halafu ananiuliza "sasa inapiga kelele?"

Wakuu, naandika goti linavuja damu na nyanya ninazo mpaka mfukoni. Wa Iringa huyu mnamjua, sina haja ya kumtaja. Yule wa chini ya mti, redio kubwa, spana tatu na mbili kati ya hizo za kuazima. Yule ambaye chombo chochote kikifika kwake ugonjwa ni "plagi".

Nina Honda XL 125S ya mwanzoni mwa miaka ya 80. Marehemu baba alikuwa bwana shamba, akainunua kwenye mnada wa serikali. Breki habu mbele na nyuma. Hakuna mafuta ya breki, hakuna masta silinda ya kuyasukuma, mbele ni waya tu na shuu mbili zinazotanuka kukwaruza habu kwa ndani. Mtoto wa darasa la tano anaielewa.

Shida yangu ndogo. Breki ya mbele ukiikamata inalia kama mbuzi aliyeona kisu, na leva inakuja mpaka inakaribia usukani. Nikamwambia fundi fungua, angalia kamu (kile chuma kinachotanua shuu) kama imekauka, angalia shuu kama zimeng'aa, zipige msasa, rudisha. Akanijibu, "Bosi, kanywe chai."

Nimekunywa chai. Nimerudi. Kelele hakuna! Elfu 15 nimetoa bila kubembeleza.

Mteremko wa kushuka Ipogolo. Nakamata ya mbele: kimya. Nakamata kwa vidole vyote: kimya kitamu kabisa, na pikipiki ndiyo kwanza inachanganya. Nimeita mababu wote upande wa baba wakaisha, nikahamia kwa mama. Nimeponea breki ya nyuma na matenga ya nyanya ya watu.

Nikafungua habu palepale, mwenye nyanya kanisimamia kichwani. GRISI. Shuu zote mbili zimepakwa taratibu, kwa upendo, kama mtoto anayepelekwa kliniki. Jamani grisi ni kidogo tu kwenye kamu na pini, chuma kinaposugua chuma. Shuu kazi yake ni KUKWARUZA!

Nimerudi kwake nachechemea. Akazima redio (hajawahi kuzima redio tangu nimjue), akaniangalia, akasema: "Si ulisema inapiga kelele? Sasa inapiga?"

SASA INAPIGA??

---

Ndizi Mbivu: Siti ya mbele nimewahi. Swali la kwanza, nyanya umelipa?

Mtoto wa Bwana Shamba (mleta uzi): Matenga mawili. Zilizopondeka nimepewa, nyumbani tutakula mchuzi mpaka mwezi uishe. Ila mkuu, hizo sizilii. Nalilia "sasa inapiga?"

Ndizi Mbivu: Na kwani inapiga? 😂

Chai ya Rangi: Chai. Kwenye XL, gia inayozungusha waya wa spidomita imo kwenye kile kisahani cha breki ya mbele, nayo ina grisi yake. Grisi ikizidi humo inahamia kwenye shuu. Umemwonea fundi wa watu.

Mtoto wa Bwana Shamba: Grisi ya spidomita ina alama za vidole vinne?

Mhenga wa Zamani: Kijana, na wewe una lako. Leva kuja mpaka usukani si kamu peke yake. Kamata breki uangalie ule mkono wa chuma unaovutwa na waya pale kwenye habu: pembe yake na waya ikishavuka nyuzi 90, shuu zimekwisha na nguvu huna hata ukaze vipi. Wenye habari hawaendelei kukaza nati ya waya, wanabadilisha shuu. Hizo zilizokunywa grisi usihangaike kuziosha, tupa. Habu isafishe ikauke, uipitishe msasa kidogo. Ukirudisha gurudumu usikimbilie kukaza ekseli: kamata breki kwanza, mtu aishikilie, ndipo ukaze, shuu zikae katikati. Na vumbi la shuu za enzi hizo usilipulize, nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, inaua mapafu.

Mtoto wa Bwana Shamba: Shikamoo mzee. Yeye alilipuliza kwa mdomo, likanijia usoni.

Mhenga wa Zamani: Marahaba. Na plagi alibadilisha?

Mtoto wa Bwana Shamba: …Alibadilisha.

Kobe Mwendokasi: Breki yako imekataa kushika, una nafuu. Yangu ilikataa kuachia! Honda CB ya zamani, ya diski. Fundi kakosa mafuta ya breki, kajaza oili ya injini "zote si mafuta". Raba zikavimba ndani ya masta silinda, gurudumu la mbele likajikamata katikati ya soko. Nimerudi nyumbani juu ya guta, mimi na pikipiki, watoto wanashangilia.

Chai ya Rangi: Bora oili. Yangu ilikuwa imejaa hewa tu, leva laini kama sponji. Nikamwambia toa upepo. Akatoa upepo wa tairi.

Mama Wawili: Nyie mnalia na mafundi pikipiki, hamjakutana na mafundi cherehani. Kitenge cha harusi ya mdogo wangu, nimepeleka wiki sita kabla. Siku ya send-off nakwenda kuchukua, namkuta mke wake amekivaa.

Ndizi Mbivu: DUH

Kobe Mwendokasi: Amekivaa kabisa? Kilimkaa?

Mama Wawili: Kaka, kilimkaa kuliko mimi. Hapo ndipo nilipolia.

Mtoto wa Bwana Shamba: Wakuu, turudi kwenye mada. Grisi. Kwenye shuu.

Chai ya Rangi: Mama Wawili, fundi ni wa mtaa gani? Mimi nimempelekea suti mmoja hapa, tangu Januari ananiambia "imebaki vifungo".

Mama Wawili: Ana kijicho kimoja anakibana akiongea?

Chai ya Rangi: Mungu wangu. Ndiye.