Kikundi cha familia: Wana Ujiji

Hamisi: Shikamooni wakubwa. Wenzangu mambo. Nimemaliza kusoma katuni ya Amazing Spider-Man namba 33 sasa hivi na sijatulia. Mnivumilie, leo naandika gazeti.

Mama Mkubwa Zuhura: Marahaba mwanangu. Ni yule wa buibui?

Hamisi: Ndiye huyohuyo mama. Toleo la Februari 1966, maneno ya Stan Lee, picha za Steve Ditko. Iko hivi: Peter Parker, ndiye Spider-Man mwenyewe, kalelewa na baba yake mkubwa, Ben, na mkewe May. Ben aliuawa na mwizi ambaye Peter angeweza kumzuia, akamwacha apite. Sasa kabaki mama mkubwa peke yake, naye yuko hospitali, hali mbaya. Dawa ya kumponya inaitwa ISO-36, na genge la adui yake, Doctor Octopus, limeipora. Peter kawafuata hadi kwenye maficho yao chini ya maji, wamepigana, jengo limebomoka, mtambo mzima wa chuma umemlalia mgongoni.

Mwajuma: Mungu wangu.

Hamisi: Kopo la dawa liko sakafuni mbele yake. Analiona, mkono haufiki. Na dari inavuja, tone baada ya tone, maji yanazidi.

Shabani: Si ana nguvu kaka? Huwa anainua magari.

Hamisi: Hapa nguvu zimemwishia mdogo wangu. Anasukuma, wapi. Anasukuma tena, kizunguzungu. Anawaona Ben na May akilini. Na Ditko hana haraka hata kidogo! Visanduku vya picha vinaanza vidogo, kijana kabanwa humo kama alivyobanwa na chuma. Kila chuma kinaposogea kidogo, na picha zinapanuka. Unafunua, unakuta picha moja imejaa ukurasa mzima, mtambo uko juu, yeye yuko chini yake kausukuma. Nilipiga kelele chumbani wallahi.

Shabani: Mbona kama niliiona kwenye filamu? Amefukiwa na kifusi, analia.

Hamisi: Ndiyo, Spider-Man: Homecoming ya 2017, wameichukua humu. Nzuri, sikatai. Ila kule anaita watu waje wamtoe. Huku anawaza dawa ya mama yake mkubwa tu. Kwangu mimi toleo hili liko juu.

Ba'mdogo Rashidi: Nimeshaona mtumbwi ukijaa maji usiku, mbali na Kibirizi. Mtu haangalii mzigo pale, hata uwe wa thamani gani. Anaangalia roho yake.

Hamisi: Ndiyo maana nimeshindwa kutulia ba'mdogo. Anachoogopa siyo kufa. Alishindwa kwa Ben, hataki kushindwa na kwa May.

Mama Mkubwa Zuhura: Huyo mama anaumwa nini hasa?

Hamisi: Hapo ndipo paliponichoma. Huko nyuma, toleo la 10, May aliugua akahitaji damu, Peter akajitolea. Damu yake ina mionzi tangu alipoumwa na yule buibui. Siku ile haikuonyesha chochote. Imekuja kumla mama wa watu taratibu.

Mwajuma: Kwa hiyo ugonjwa umetoka kwake?

Hamisi: Umetoka kwake dada, na sasa anajua. May hajui lolote. Hata kwamba kijana wake ndiye Spider-Man hajui.

Mama Mkubwa Zuhura: Maskini, alitoa damu kwa mapenzi. Hilo simlaumu. Ila la kumficha sikubaliani naye. Mtoto umemlea mwenyewe, anarudi na uso umevimba, ukimuuliza anakwambia ameteleza? Angemwambia.

Hamisi: Anahofia mshtuko utamuua mama. May afya yake dhaifu.

Mama Mkubwa Zuhura: Ulipovunjika mkono mkanificha, wewe na marehemu baba yako mkubwa. Mshtuko haukuniua. Kuambiwa na jirani ndiko kulikoniuma.

Ba'mdogo Rashidi: Shemeji, huyu ana maadui. Siri ikivuja watamfuata bibi hukohuko nyumbani. Mimi ningenyamaza.

Mama Mkubwa Zuhura: Maadui wanakuja hata usiposema, Rashidi. Bora mtu ajue anachofungia mlango.

Mwajuma: Nipo na mama mkubwa. Dawa ilifika lakini?

Hamisi: Ilifika. Alipotoka pale alikuta genge linamsubiri, akapigana amechoka hivyohivyo, karibu hajitambui. Akaifikisha kwa mwanasayansi Dk. Curt Connors, kisha hospitali, May akapona. Hayo yanaenda mbiombio. Utamu wote uko kwenye lile chuma. Ditko aliendelea kuchora mpaka namba 38 akaondoka, na kwangu hakuna kazi yake inayoifikia hii.

Shabani: Nitumie kaka.

Hamisi: Bando limebaki kidogo, kesho nakuonyesha kwenye simu. Na toleo la 34 lipo, la adui mwingine, Kraven.

Mama Mkubwa Zuhura: Njooni wote wawili mchana, migebuka ipo. Unisomee kwa Kiswahili, na uanze na hilo la damu, usiniruke.

Hamisi: Sawa mama. Toleo la 10 kwanza, halafu 31, 32, 33 kwa mpangilio.

Ba'mdogo Rashidi: Nami nakuja. Msianze bila mimi.