Tupeane uzoefu: riwaya tulizosoma kwa kujificha

Msomaji wa Section 58
Jumamosi nilipita kwa wauzaji wa vitabu vya mitumba wanaotandaza bidhaa zao kando ya barabara hapa mjini Nakuru, nikaokota riwaya nyembamba ya mfululizo wa Pacesetters, ule ambao Macmillan walianza kuuchapisha mwaka 1977 na ambao waandishi wake wengi walikuwa Wanigeria. Upande wa ndani wa jalada palikuwa na majina kumi na moja yaliyoandikwa kwa penseli, moja chini ya jingine, na kila jina lilikuwa limekatwa kwa mstari isipokuwa la mwisho. Sikuhitaji kuelezwa. Ile ilikuwa foleni ya bweni: ukimaliza unakata jina lako na kumkabidhi anayefuata, na hairuhusiwi kukaa na kitabu zaidi ya usiku mmoja. Mimi nilisoma shule ya bweni upande wa Molo, ambako baridi ya usiku hukufunza kufungua ukurasa kwa kidole kimoja tu huku mkono uliobaki ukiwa ndani ya blanketi pamoja na tochi, na kodi ya riwaya moja ilikuwa kipande cha mkate wa Jumamosi. Nilikinunua kitabu kile kwa shilingi hamsini, ingawa nimekwisha kukisoma mara tatu, kwa sababu ya lile jina la mwisho ambalo halikukatwa. Naomba tuelezane. Mlisoma nini, mlijificha wapi, na ilikuwaje mlipokamatwa?

Nyar Kisumo
Sisi upande wa Maseno tulilipa kwa sukari. Vijiko viwili kwa usiku mmoja, na vijiko vitatu kama kitabu kilikuwa na kurasa zote.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Nilifundisha kwa miaka thelathini na mmoja, na ningependa upande wetu usikike pia. Nilinyang'anya riwaya nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, hasa zile za James Hadley Chase, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1906 na ambaye riwaya zake nyingi zilihusu majambazi wa Marekani, nchi ambayo hakuwahi kuishi. Sikufanya hivyo kwa chuki. Nilimwona mwanafunzi aliyeweza kueleza jinsi sefu ya benki inavyofunguliwa, lakini akashindwa kueleza tamthilia aliyowekewa kutahiniwa. Mtihani wa kidato cha nne ulikuwa ndio mlango pekee kwa mtoto wa mkulima wa miwa, na mimi niliwekwa pale nimvushe.

Kijana wa Bondeni
Mwalimu, kwa heshima zote, vitabu hivyo vilikwenda wapi baada ya kunyang'anywa? Yangu niliiona mikononi mwa mwalimu wa zamu siku mbili baadaye, amekaa chini ya mti, na alikuwa amenipita kwa sura nne. Kuhusu majambazi, mimi nilisoma kitabu cha John Kiriamiti, aliyewahi kuwa jambazi wa benki, nikiwa darasa la nane, kile alichokiandika akiwa gerezani na kuchapishwa katika mfululizo wa Spear Books mwaka 1984. Mtaani kwetu kilisomwa na makanga, wauza mboga, na fundi wa viatu ambaye sikuwahi kumwona akishika kitabu kingine. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyevamia benki. Tulichojifunza ni kwamba kitabu kinaweza kuhusu barabara unazozijua na watu wanaozungumza kama jirani zako, na hilo halikuwa limetokea katika kitabu chochote tulicholazimishwa kusoma.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Ni kweli kwamba vingine vilisomwa na walimu. Nami nilivisoma. Hilo halibadilishi hoja yangu.

Kijana wa Bondeni
Linaibadilisha kabisa, Mwalimu.

Mama Wawili, Nakuru
Hamkuwa na maktaba nyie? Maktaba ya taifa ya hapa Nakuru ilikuwa na riwaya rafuni, na hakuna aliyekufukuza. Mimi nilisoma mbele ya watu mchana kweupe, sikuwahi kujificha.

Nyar Kisumo
Dada, hata Kisumu ilikuwapo. Lakini kutoka Nyakach hadi mjini ilikuwa nauli, na nauli ilikuwa unga.

Binti wa Butere
Nimeyasoma maneno ya Mwalimu mara mbili, na nimeamua kuandika jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu yeyote, hata mume wangu.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la nane. Mjomba alitoka Mwanza na vitu vyake ndani ya gunia, na miongoni mwake mlikuwa na riwaya ya Kiswahili isiyo na jalada, kwa hiyo hadi leo sijui jina lake wala jina la mwandishi. Ilianza ukurasa wa 9. Mpelelezi alikuwa amepewa ufunguo na mtu aliyekuwa akikata roho, na ufunguo huo haukuingia katika kufuli lolote la ile nyumba ya pwani, kubwa au dogo. Baba alikuwa amepiga marufuku hadithi mpaka mtihani wa taifa uishe, naye hakuwa mtu wa kurudia neno. Nikawa nangoja watu wote walale, naingia jikoni, jiko letu la nje lililoezekwa kwa nyasi, nawasha koroboi na kuiweka juu ya kifuniko cha mtungi, nasoma nikiwa nimeketi juu ya gunia la mahindi. Usiku wa tatu nilifika ukurasa wa 112, mahali ambapo mpelelezi anarudi kwenye ile nyumba na kukuta kwamba ukuta mmoja ni mpya kuliko kuta nyingine. Hapo usingizi ukanichukua.

Niliamshwa na harufu ya nywele zangu mwenyewe. Sijui kama niliisukuma koroboi kwa mguu au kama ilianguka yenyewe. Moto ulikuwa umekwisha kupanda nguzo na kuingia kwenye nyasi za paa. Nilitoka nikiwa nimekumbatia kitabu, nikapiga mayowe baada ya kukificha kwanza nyuma ya migomba, na hiyo "kwanza" ndiyo inayonitesa, kwa sababu ndani mlikuwa na mbuzi wawili waliofungwa kwa kamba. Watu walifika na ndoo, lakini nyasi kavu hazingoji ndoo. Tulipoteza jiko, mahindi ya mbegu na mbuzi wote wawili.

Nyumbani alikuwapo binamu yangu kutoka Bungoma, aliyekuwa akiishi nasi tangu mama yake afariki. Yeye ndiye aliyekuwa amepika jioni ile na kufunika makaa kwa majivu. Baba alimuuliza mara moja tu, naye akajibu kwamba aliyafunika. Hakuaminiwa. Wiki iliyofuata alirudishwa kwao na hakuendelea na shule. Mimi nilifaulu mtihani. Kitabu nilikitumbukiza chooni kabla ya kupambazuka, na kwa zaidi ya miaka ishirini sikuweza kusoma riwaya yoyote, kwa sababu kila nilipofungua moja nilisikia ile harufu. Namba ya simu ya binamu yangu ninayo tangu mwaka 2011. Sijawahi kuipiga.

Nyar Kisumo
Pole sana, nyamera, dada yangu.

Kijana wa Bondeni
Nimeshindwa kuandika nilichotaka kuandika.

Mama Wawili, Nakuru
Mpigie leo. Huyo binamu amebeba moto wako miaka yote hii.

Dereva wa Mau Summit
Usimpigie. Mambo kama haya hayasemwi kwa simu. Unakwenda mwenyewe, unafika Bungoma ukiwa na mbuzi wawili, idadi ileile, na mtu mzima wa ukoo wa kukusindikiza, ndipo unasema.

Msomaji kutoka Busia
Mbuzi hawatamrudisha mtu darasani. Kama ana watoto, lipa karo ya mmoja wao. Mimi ningefanya hivyo bila hata kueleza sababu.

Mama Wawili, Nakuru
Bila kueleza sababu? Basi hiyo itakuwa sadaka, na binamu yake ataishukuru. Atamshukuru aliyemkosea! Hapana. Kwanza maneno, kisha karo.

Mwanafunzi wa Njoro
Samahani, hii ilikuwa mada ya riwaya. Siku hizi tunasoma kwenye simu, chini ya blanketi lilelile, na hakuna koroboi wala mwalimu wa zamu. Mbona hatuzungumzii hilo?

Msomaji wa Section 58
Tunazungumzia riwaya bado, ndugu yangu. Subiri.

Mwalimu Mstaafu, Kakamega
Binti yangu, nimekaa na maelezo yako tangu asubuhi. Nilisema hapo juu kwamba nilinyang'anya vitabu ili niwavushe watoto kwenye mtihani, na bado naamini kwamba nilikuwa na nia njema, kama baba yako alivyokuwa nayo. Lakini usiku ule nyumba yenu lazima ilikuwa na taa ya meza sebuleni, yenye kioo, na kama ungeruhusiwa kusoma nusu saa tu kando ya taa hiyo, usingekwenda kukaa chini ya nyasi na moto usiofunikwa. Riwaya haikuchoma jiko. Kujificha ndiko kulikochoma. Nimewafanya wanafunzi wangapi wakajifiche, sasa ndipo ninapojiuliza. Kuhusu binamu yako, nenda kwa miguu yako mwenyewe, na umwambie wewe kabla ya kumwambia mtu mwingine yeyote wa familia.

Dereva wa Mau Summit
Na mbuzi.

Nyar Kisumo
Je, kuna anayekitambua hicho kitabu? Ufunguo, nyumba ya pwani, ukuta mpya. Huenda ni mojawapo ya visa vya mpelelezi Bwana Msa vya Muhammed Said Abdulla. Mpelelezi alivuta kiko?

Binti wa Butere
Hakuvuta kiko. Alikuwa na mke mgonjwa ambaye alimwandikia barua kila jioni.

Kijana wa Bondeni
Basi si Willy Gamba, yule jasusi wa riwaya za Elvis Musiba. Huyo hana nafasi ya kuandika barua. Nilidhani pengine ni Joram Kiango, mpelelezi wa riwaya za Ben Mtobwa, lakini yeye simkumbuki na mke mgonjwa. Riwaya za Tanzania za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa nyingi mno, na wachapishaji wengi walikuwa wadogo, wakatoa vitabu viwili au vitatu kisha wakafunga. Hicho kinaweza kuwa kitabu ambacho hakikuchapishwa tena.

Binti wa Butere
Asanteni nyote. Sikuandika ili nipewe ruhusa, na juu ya safari ya Bungoma nimewasikia, hasa Mwalimu. Lakini nikiri kwamba kwa miaka hii yote nimetaka pia kujua nyuma ya ule ukuta kulikuwa na nini, na nimeona aibu kulitaka jambo hilo.

Muuza Vitabu, Kibuye
Mimi huuza vitabu hapa Kisumu, soko la Kibuye, kila Jumapili. Nyuma ya kibanda nina katoni mbili za riwaya za Tanzania zisizo na majalada, ambazo hakuna anayezinunua kwa sababu hazina majina. Nitafungua ukurasa wa 112 wa kila moja, dada, hata kama itanichukua juma zima.

Binti wa Butere
Tazama na ukurasa wa 9, tafadhali. Neno la kwanza lilikuwa "lakini".