Nani kamliza Mwanaidi

07:12 Mwanaidi: Asalaam aleikum familia. Jamani mie sijalala, macho yamevimba kama nimeng'atwa na nyigu na saa nne nina kikao cha vikoba

07:13 Rama: Shemeji kakufanya nini 👀

07:13 Mwanaidi: Yeye mwenyewe kanikuta nalia saa nane usiku akajua kuna msiba Tanga, nikamwambia hapana ni Gwan-sik. Akauliza Gwan-sik ndo nani 😭

07:14 Rama: 😂😂😂 kwisha habari yako

07:15 Zai: Umemaliza ile sizoni ya Kikorea ya kisiwa cha Jeju, When Life Gives You Tangerines???? Dada usinimalizie uhondo mie niko epsodi ya tano bando limekata

07:17 Mwanaidi: Zote 16. Wenzetu walioanza nayo Machi 2025 walikuwa wanapewa nne nne kila wiki wanapata na muda wa kupumua, mie nimezibugia siku tatu kama uji wa moto sasa nimeungua

07:20 Shangazi Hawa: Ni ile ya mfalme na mapanga?

07:23 Mwanaidi: Shikamoo shangazi. Hii haina panga hata moja, watu wa kisiwani tu. Msichana Ae-sun anataka kuwa mshairi ila hana kitu, mama yake ni wale wanawake wa Jeju wanaozama baharini bila mtungi wa hewa kutafuta pweza na makonokono yale ya bei. Na kijana Gwan-sik tangu mdogo anampelekea samaki mlangoni hasemi neno

07:25 Shangazi Hawa: Marahaba. Kumbe kama wale wa pweza pwani kwetu

07:26 Mwanaidi: Ila wa kwetu wanasubiri bamvua maji yatoke wanatembea, wale wanabana pumzi wanakwenda chini. Na yule mama anakufa ana miaka 29 shangazi, 29!! mie nina 34 nikajiangalia nikasema kumbe alikuwa mtoto tu anaacha watoto

07:28 Mama: Inna lillahi. Wadogo wakabaki na nani

07:29 Rama: Mama hiyo ni sizoni 😂

07:29 Mama: Najua ni sizoni. Nauliza wadogo wakabaki na nani

07:31 Mwanaidi: Na baba wa kambo mama, Ae-sun ndo anawalea na yeye mwenyewe mdogo. Halafu akikua, mwigizaji ni yule yule IU anacheza Ae-sun kijana na anacheza na binti wa Ae-sun

07:32 Rama: Analipwa mara mbili huyo

07:35 Mwanaidi: We Rama hebu. Kuna pale wako ukweni, wanaume meza yao wanawake yao na chakula chao kibovu, Gwan-sik anageuka pale pale alipokaa chini anawapa mgongo wakubwa wote anakula akimtazama mkewe. Hajagombana na mtu. Kageuka tu. Nilirudisha mara nne

07:36 Shangazi Hawa: Marehemu mjomba wenu nilikaa nae miaka thelathini hajawahi kunisogezea hata ndimu

07:36 Zai: 😂😂 shangazi jamani

07:38 Mwanaidi: Mie nilijikaza mpaka kale katoto ka mwisho

07:38 Zai: Katoto kamefanya nini

07:38 Zai: DADA KATOTO KAMEFANYA NINI

07:40 Mwanaidi: Hakuna kitu mdogo wangu. Unga bando, na ukae na kanga karibu

07:41 Mama: Mwanaidi usimtishe mwenzio

07:44 Mwanaidi: Sasa Zai usisome hii. Jina la Kiingereza wameweka machenza kwa sababu Jeju ndo kwao machenza, kama Muheza na machungwa. Ila jina la Kikorea ni lugha ya hapo kisiwani, maana yake kama unamwambia mtu pole na kazi, ahsante umehangaika. Mie sikulijua nikaja kulijua mwishoni, mzee Gwan-sik kashazeeka mgonjwa saratani mifupa mitupu bado anamhangaikia mkewe. Nilizima simu nikakaa gizani

07:46 Mwanaidi: Na binti yao siku ya harusi baba anamwambia ukiona hali mbaya rudi, baba yako nipo. Kumbe kamwambia hivyo hivyo tangu mtoto anashindana mbio shuleni. Nikakumbuka stendi ya Tanga 2014 siku naondoka na Baba Nasri kuja Dodoma, mzee wetu hakusema kitu watu wote wanalia yeye anahesabu mabegi, kaja dirishani kanipa leso imefungwa fundo ndani elfu ishirini, kasema hii usiile ni nauli ya kurudi

07:47 Zai: Mie nasoma na nalia na sijafika hata huko

07:48 Mwanaidi: Na niliila njiani, stendi ya Msamvu Morogoro. Chipsi kuku na soda. Miaka yote hii sijamwambia

07:48 Rama: Mzee yumo humu dada 😂😂

07:49 Mwanaidi: Hasomi, yeye ni picha za Ijumaa Kareem tu. Jana usiku hata nimempigia hakupokea

07:58 Mama: Yule mama aliyekufa alikuwa anaumwa nini

08:03 Mwanaidi: Mapafu mama, ni ule uzamaji

08:04 Mama: Ndo maana nilimkataza Rama kuogelea

09:02 Baba: Waaleikum salaam. Nimeona umepiga mara 3 saa nane usiku. Nilikuwa nimelala. Huyo Guansiki ni nani na amekukosea nini

09:03 Rama: 💀💀

09:04 Mwanaidi: Shikamoo baba. Hapana baba ni mchezo wa kwenye simu tu, niko salama na Baba Nasri yuko salama. Nilitaka tu kukusalimia

09:11 Baba: Marahaba. Kama ni mchezo sawa

09:15 Baba: Nimekurushia 40,000 angalia simu. Nauli zimepanda. Hiyo usiile Msamvu